Kabati la Mama na Ukuta wa Shangazi

Juzi fundi alikuja kubadilisha vioo vya madirisha yangu. Kijana mpole, simu haimtoki sikioni. Kabla ya kukata, aliichovya kalamu yake ya kukatia kioo kwenye kizibo cha soda chenye mafuta ya taa, akavuta mstari, kioo kikalia kwii, halafu akakigonga kidogo tu kikaachana kama biskuti. Harufu ya mafuta ya taa ilinifuata jikoni, nikasahau nilichokuwa nakipika. Nilitoka nikasimama mlangoni namtazama, mpaka akaniuliza, "Vipi mama, kuna tatizo?" Nikamwambia hakuna tatizo, endelea baba. Ningemwambiaje kijana wa watu kwamba ananinukia shangazi yangu?

Shangazi Mwanaidi hatunaye sasa. Wengi waliomjua walimjua uzeeni, alipokwisha kuwa mtu wa kuitwa mbele na kuvishwa maua kwa ajili ya kazi zake zilizoning'inia kwenye kumbi za hoteli na kupamba kuta za hospitali: vioo na waya, vioo na makombe ya pwani, vioo na mabati yaliyokwisha kazi. Msibani nilimsikia mmoja akieleza kwamba marehemu alianza sanaa yake huko mikoani. Nikanyamaza, maana msiba si mahali pa kubishana, ingawa ulimi uliniwasha. Shangazi alianzia Kinondoni, uani kwetu, na asingefika popote kama si mama yangu, mtu ambaye kwa akili yangu ya wakati ule ndiye aliyekuwa adui yake mkubwa.

Alikuja kwetu baada ya kuachika. Mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye duka la vioo na fremu za picha huko mjini, na Shangazi, aliyekuwa akimpelekea chakula kila mchana, alijifunza kukata kioo kwa kutazama tu. Ndoa ilipovunjika alirudi kwa kaka yake na sanduku la bati, godoro, na kalamu ya kukatia kioo. Baba alipomuuliza kama kalamu ile si mali ya mumewe, alijibu bila kupepesa macho, "Kaka, nimempikia yule bwana mpaka nyusi zimeungua. Hicho ndicho kiinua mgongo changu."

Nyumbani kwetu palikuwa na ratiba mbili zisizopatana. Baba alikuwa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha saruji, kule Wazo. Lori la kiwanda lilimshusha asubuhi akiwa na kope za kijivu, ananawa, anakunywa chai, analala mpaka alasiri. Shangazi yeye aliamka kabla ya jogoo kuchoka kuwika. Alichekecha mchanga, akakanda saruji ya masalia ambayo Baba alikuja nayo kwenye mifuko iliyochanika, akakata vioo, akavipanga kwenye vipande vya mbao, akavifumua, akavipanga tena. Alifanya hayo kimyakimya ili asimwamshe kaka yake. Mimi nilikuwa msaidizi wake, kazi yangu kubwa ikiwa kupepea nzi na kuambiwa nisiguse.

Vioo tulivitafuta kwa miguu. Tulikwenda mpaka Manzese, kwenye gereji za kando ya barabara ya Morogoro, ambako kioo cha gari kikivunjika kilimwagika chini punjepunje kama chumvi ya mawe. Mafundi walitucheka, lakini walituachia tuzoe, tena mmoja alitupa na ufagio. Siku nyingine tulikwenda Msasani maji yakiwa yamekupwa, tukaokota vipande vya chupa vilivyosuguliwa na bahari mpaka vikawa havikati tena. Vilikuwa vya kijani na vya kahawia, vyenye ukungu juu yake, na vilinuka mwani. Nilivinyonya njia nzima tukirudi, kwa sababu vilifanana na pipi na pipi zilikuwa adimu.

Vile vizuri zaidi Shangazi alivifunga kwenye waya pamoja na makombe, akavitundika uani, kutoka upenuni mpaka kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo. Jua la alasiri likivipitia, uwanja wote ulijaa madoa ya kijani na ya dhahabu. Kuku walikuwa wakiyadonoa, wanaona hakuna kitu, wanahama wanadonoa doa jingine. Upepo ukivuma viligongana polepole, sauti yake kama ya vijiko vikioshwa nyumba ya jirani. Kwa furaha niliyokuwa nayo wakati ule, nisingekubali kubadilishana nyumba na mtoto yeyote wa mjini.

Majirani wao hawakuona madoa wala kusikia vijiko. Waliona kago. Kwa msomaji aliyekulia kusikokuwa na mambo haya: kago ni kinga, dawa ambayo mwenye shamba huitundika kwenye mti ili mwizi akiingia asitoke, azunguke palepale mpaka akutwe asubuhi. Mara nyingi huwa ni chupa, au kitambaa, au kitu chochote kinachoning'inia ambacho hakuna sababu ya kukining'iniza. Sasa mwanamke aliyeachika, hana mtoto, anatembea mpaka Msasani kuokota chupa na kuja kuzitundika mlangoni, ungemfikiriaje? Mama Rukia wa nyumba ya tatu, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, alilisambaza neno lile bombani, na kuanzia hapo wanawake wakaacha kupita uani kwetu kuomba moto.

Kusema kweli, mimi jambo lile lilinipa kiburi. Kila asubuhi nilitoka mbio kuangalia kama kuna mwizi amenasa. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyomsalimia, maana mwizi naye ni mtu mzima, shikamoo yake ipo palepale. Sikumkuta hata mmoja, na nililaumu wezi wa Kinondoni kwa uvivu.

Halafu ikaja ile operesheni ya kuwatoa mjini watu wasiokuwa na kazi na kuwapeleka vijijini wakalime. Redioni ilisemwa kila siku kwamba kila mtu afanye kazi, asiwe kupe. Nililiona kwa macho yangu lori likiwachukua watu wa mtaa wa pili. Muuza karanga mmoja alipanda na sinia lake kichwani, akalishika vilevile lori lilipoondoka. Jioni watoto tulicheza mchezo wa kukamatana, lakini mimi moyo haukutulia, kwa sababu nilijua ni nani katika nyumba yetu aliyekuwa hafanyi kazi.

Siku balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Sefu, alipobisha hodi, nilikuwa tayari. Nilikimbilia chumba cha Baba, nikafunga mlango, nikatundika kanga ya Mama mlangoni, nikasimama mbele.

"Shikamoo babu. Baba hayupo. Amekwenda kazini, anafanya kazi sana."

"Marahaba mjukuu wangu." Mzee Sefu alitega sikio. Nyuma yangu Baba alikuwa anakoroma kama mashine ya kusaga. "Na huyo anayekoroma?"

"Ni paka."

Mzee Sefu alicheka mpaka akavua kofia yake na kujipangusa machozi nayo. Mama, aliyekuwa anachambua mchele, alicheka pia, lakini akaacha haraka, kwa sababu yeye alishajua mgeni amefuata nini.

"Baba yako namjua kazi yake," Mzee Sefu aliniambia. "Mie nimemfuata shangazi yako."

Shangazi aliinuka pale alipokuwa amechuchumaa. Mikono yake ilikuwa na saruji mpaka kwenye viwiko na jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Nilimtazama yeye, nikaugeukia mlango uliokuwa ukikoroma, nikaona watu wazima wamechanganyikiwa.

"Mwanaidi mwanangu," Mzee Sefu alisema, "mie sina neno nawe. Ila wakija kuniuliza huyu mwanamke hana mume, hana shamba, hana mwajiri, anafanya nini hapa mjini, nijibu nini? Kwamba anatundika chupa?"

"Jibu kwamba ni fundi."

"Fundi wa nini? Fundi cherehani namjua, fundi baiskeli namjua. Watu huku wanasema mengine kabisa. Na lori litapita tena mtaa huu baada ya ugeni wa wilayani."

Shangazi aligeuka akatazama upande wa bomba. Ofisi ya tawi la chama ilikuwa imemalizika kujengwa karibu na bomba la maji, imejengwa na wakazi wenyewe kwa kujitolea, kila mtu na tofali lake, na huo ugeni wa wilayani ulikuwa unakuja kuifungua. Ukuta wake wa mbele ulikuwa mtupu.

"Nipe ule ukuta, Mzee," Shangazi alisema. "Niupambe. Mgeni akija umuulize yeye kama hii ni kazi au si kazi."

Mzee Sefu aliikunja kofia yake, akaikunjua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuulizwa maswali na watu wa juu na wa chini. "Uchukue," alisema. "Lakini nataka jembe na nyundo vionekane. Na ukishindwa, usije ukanilaumu mie ukiwa juu ya lori."

Jioni ile, Baba akijiandaa kwenda zamu, nilimsikia Mama akimwambia, "Mwenzangu, vioo vya dada yako vimenifika hapa. Jana nimekuta kipande kwenye unga. Huyu ataondoka lini?" Baba alifunga kamba za viatu vyake, akatoka. Nilikwenda nje nikalia nyuma ya choo. Nilikuwa na hakika sasa: Mama na lile lori walikuwa upande mmoja.

Shangazi aliuanza ukuta. Alichora kwa mkaa mkeka mkubwa uliosimama wima, ukuta mzima ukiwa umesukwa, na katikati jembe na nyundo vimelazwa kana kwamba mtu ametoka shambani akavitua. Kijani kilitoka Msasani, kahawia pia, na nyeupe ilitoka Manzese. Lakini mkeka wa ukili huwa na rangi, na jembe na nyundo navyo vilitaka wekundu na bluu ili vionekane kwa mbali. Rangi hizo hazikuwepo popote isipokuwa kwenye vyombo vya watu, kwenye sahani na vikombe na mabakuli. Mzee Sefu akatangaza kwamba kila nyumba ilete chombo kimoja kilichovunjika. Shangazi akaweka karai chini ya ukuta, akangoja.

Karai lilikaa tupu. Watoto tulileta vizibo vya soda, Shangazi akatushukuru na kuviweka pembeni. Wanawake waliokuja kuchota maji walipita upande wa pili wa barabara, ndoo kichwani, macho mbele. Nilimsikia Mama Rukia akisema bombani, tena bila kushusha sauti, "Kikombe alichonywea mwanangu nikampe yule mwanamke, akakizike kwenye saruji? Si ndiyo atakuwa amemfunga mwanangu huko huko ukutani? Mie sijamchoka mwanangu."

Wenzake waliguna kumkubalia. Siwacheki leo. Kitu kilichogusa mdomo wa mtoto wako hakipewi mtu usiyemwamini, hata mimi nisingekitoa. Basi siku zikawa zinakwenda, saruji inakauka, na katikati ya ukuta pamebaki uwazi wenye umbo la jembe na nyundo. Jioni Shangazi alirudi na karai lake, akaketi kwenye mkeka bila kukata kitu. Alianza kukunja nguo zake na kuzirudisha kwenye sanduku la bati. Nilipomuuliza anakwenda wapi, alisema anazipanga tu.

Mama alikuwa na kabati la vyombo. Kila mtu mwenye umri wangu anakumbuka kabati kama lile: milango ya kioo, kufuli dogo, na ndani yake vyombo vya harusi ambavyo kazi yake ni kupanguswa vumbi. Vya Mama vilikuwa sahani zenye mawaridi mekundu na mabakuli ya bluu yenye ukingo wa dhahabu, alivyopewa na mama yake mzazi. Vilitoka siku ya Idi tu, na siku hiyo tulikula mikono ikitutetemeka. Bibi yangu alikuwa ameshafariki. Mama hakuwa na kitu kingine kilichopitia mikononi mwa Bibi.

Asubuhi moja alifungua kufuli lile na haikuwa Idi. Alivitoa vyote, akavifunga kwenye kanga, akajitwika, akanishika mkono. Hakusema tunakwenda wapi. Bombani palikuwa na foleni ndefu, na Mama hakupita upande wa pili wa barabara kama wengine, alipita katikati ya ndoo zao, "Samahani, samahani jirani," mpaka ukutani. Akatua mzigo wake mbele ya Shangazi, akaufungua.

Shangazi alivitazama, akarudi nyuma hatua. "Wifi, hivi hapana. Hivi ni vya mama yako. Mie nilisema vilivyovunjika."

"Nipe nyundo."

"Wifi, nakuomba."

Mama aliichukua nyundo mwenyewe. Sahani ya kwanza alipoipiga alifumba macho, ya pili hakufumba. Foleni nzima iligeuka kutazama, maji yakabaki yakimwagika kwenye ndoo iliyokwisha kujaa. Alipomaliza alikuwa anahema, na machozi yanamtoka, lakini sauti yake ilikuwa imara.

"Haya," alisema akiwageukia. "Hivi ndivyo vyombo anavyolia chakula mume wangu. Ndivyo wanavyolia wanangu wote, huyu hapa mmoja wao. Kama huu ukuta unafunga watu, basi umetufunga sisi kwanza, nyumba nzima. Mngoje muone nani atakufa."

Nilikuwa nimeushika upindo wa kanga yake. Ninyi mnaosoma haya mnaweza kuona alikuwa shujaa, na leo nami naona hivyo. Siku ile nilichokisikia ni kwamba mama yangu amenitoa kafara. Nilimtazama Shangazi akichanganya saruji na kuanza kupachika waridi moja baada ya jingine, na kila lilipozama nilijigusa shingo. Usiku ule nilikula vizuri, kwa kuwa niliona ndicho chakula changu cha mwisho, nikamwachia mdogo wangu mto wangu.

Asubuhi nikaamka. Nilikaa kitandani nikijipapasa, miguu ipo, tumbo haliumi. Mama aliingia akanipa ndoo ndogo, akaniambia niende bombani. Mtungi ulikuwa umejaa pomoni, nilimwonyesha, lakini akanisukuma mgongoni. "Nenda. Na utembee taratibu wakuone."

Mama Rukia alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Aliniangalia kutoka utosini mpaka kwenye kucha. Akaniita, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Umelalaje?"

"Salama. Shikamoo."

"Marahaba. Tumbo?"

"Haliumi."

"Na baba yako?"

"Analala."

"Analalaje?"

"Anakoroma."

Alifikiri. Nilimwona anafikiri, midomo ikimchezacheza. Kisha akaiacha ndoo yake kwenye foleni, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwona akilifanya, akaenda kwake, akarudi na kikombe chekundu kilichokatika mkono. Hakumpa Shangazi mkononi. Alikiweka kwenye karai, akairudia ndoo yake. Jua lilipopanda, karai lilikuwa limejaa, na watu walianza kuweka vyombo vyao chini.

Ugeni ulipokuja, jembe lilionekana tangu kwenye kona ya barabara, limejaa mawaridi. Wanawake walishindwa hata kupiga vigelegele sawasawa, kila mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake: lile jani ni bakuli langu, ule mstari ni sahani ya marehemu bibi. Mkubwa wa wilaya aliusogelea ukuta, akaupitishia mkono kwa muda mrefu. Akauliza nani amefanya. Mzee Sefu akavua kofia, akasema kwa sauti ya mtu aliyejua siku zote, "Fundi wetu wa tawi, ndugu. Ni mwenyeji wa nyumba kumi zangu." Lori lilipopita mtaani kwetu baada ya hapo, halikusimama mlangoni. Shangazi alikuwa uani anakata kioo, wala hakuinua kichwa.

Ningependa kuishia hapo, lakini mambo hayakuishia hapo. Katika ule ugeni alikuwepo mtu kutoka Dodoma, ambako walikuwa wanajenga majengo mapya na wanatafuta mafundi. Haukupita muda akatuma ujumbe kwamba Shangazi anahitajika, kazi ipo, mahali pa kulala papo. Ilikuwa mbali kuliko vijiji vyote vilivyokuwa vikitajwa kwenye ile operesheni. Shangazi alilikunja godoro lake, akalikunjua. Alikwenda mpaka jikoni, akasimama mlangoni. Mama alikuwa amempa mgongo anapuliza moto.

"Wifi," Shangazi alisema, "ukisema nisiende, siendi. Baada ya yale uliyonifanyia, sina uso wa kuondoka."

Mama aliendelea kupuliza. Moshi ulikuwa mwingi, au nilifikiri ni moshi, maana alijifuta macho kwa kanga mara mbili kabla ya kugeuka.

"Mie nilivunja vyombo vyangu usije ukapelekwa," alisema. "Kwenda mwenyewe ni jambo jingine. Nenda."